Paini Katika Tope la Kale

Alhamisi, 24 Oktoba

Atakayelifungua daftari hili, kama yupo, naomba anisamehe mwandiko. Vidole vyangu havinitii tena kama wakati nilipokuwa nikiandika ubaoni. Nimeanza kuandika kwa sababu leo nimeulizwa swali, nikalijibu kwa adabu, na tangu mgeni aondoke sijapata raha.

Mgeni mwenyewe ni binti Nasma Chande, mtafiti wa chuo kikuu, mzaliwa wa Lindi, aliyepanga chumba Lizaboni. Mwezi Julai ofisi ya kata ilimleta kwangu akitafuta mtu anayelijua bonde letu hapa Mshangano. Nilifundisha shule iliyo juu ya bonde hilo miaka thelathini na minne, kwa hiyo hawakukosea. Alinieleza kwamba tope la bondeni limejipanga tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limehifadhi chavua, yaani ule unga wa maua, ya mimea iliyokuwapo zama zake. Anayetaka kujua msitu wa miaka elfu iliyopita huchukua tope la kina chake akaihesabu chavua hiyo chembe kwa chembe.

Upande wa pili kuna kompyuta, ambayo haijapata kuliona bonde. Hupewa mvua, joto na hewa vya zama hizo, kadiri wataalamu walivyovikadiria, kisha huagizwa ioteshe mimea inayostahili. Hiyo wao huiita modeli. Kazi ya Nasma ni kuyaweka pamoja majibu mawili, la tope na la modeli, kama mwalimu anayelinganisha karatasi za wanafunzi wawili waliokaa mbalimbali. Yakiafikiana, modeli inaweza kuaminiwa hata kwa miaka ijayo. Yakipishana, mmoja amekosea, na hapana budi ajulikane.

Julai nilimpeleka bondeni nikamwonyesha mahali, akaniuliza kama pale pamewahi kuchimbwa. Nilimjibu kuwa hapana. Akaniomba, kwa heshima sana, niliandike jibu langu. Nikaandika: “Nathibitisha kwamba eneo hili halijawahi kulimwa wala kuchimbwa,” nikatia sahihi. Hapo hapo akashindilia bomba lake la chuma, akatoa safu ya tope ya mita mbili. Bomba liko stoo kwangu hadi leo.

Leo amerudi na uso wa mtu aliyekosa usingizi.

“Shikamoo babu. Kuna jambo halikai sawa. Kwenye mita moja na robo, modeli inasema palikuwa na msitu mnene wa miombo. Mimi nimekuta mahindi. Na paini.”

“Paini?”

“Paini, babu. Za kupandwa na Wazungu. Kwenye tope la miaka elfu na ushee.”

Nilimkaribisha chai. Akauliza tena kama nina uhakika na nililoandika. Nilimwambia kwamba ningesikitika sana kama maneno yangu yamemletea usumbufu. Alinishukuru.

Ijumaa, 25 Oktoba

Joto. Hilda, binti yangu wa mwisho, ambaye amekaa nami tangu mama yake afariki, amepanda mchicha. Sikutoka.

Jumapili, 27 Oktoba

Misa ya kwanza. Brigita, mkongwe mwenzangu kutoka Ruhuwiko, alikuwa benchi la tatu kama kawaida yake. Tuliinamishiana vichwa. Ndivyo tunavyosalimiana kwa miaka hamsini sasa.

Jumatano, 30 Oktoba

Nasma aliniomba nifike Lizaboni nijionee mwenyewe. Mama mwenye nyumba, Bi Zuhra, alinipokea mlangoni akanieleza kwa huruma kwamba kama nimekuja kupimwa choo, daktari yuko chumba cha nyuma. Amemwona na darubini, akajumlisha.

“Nimemwambia mara saba mimi si daktari,” Nasma alisema. “Juzi kaniletea mjukuu wake na kopo.”

Nilichungulia. Chembe za nyasi ni duara lenye tundu moja. Za mahindi ni vivyo hivyo, ila kubwa. Kisha akasogeza kioo, nikaiona ya paini: kichwa kidogo chenye masikio mawili makubwa, kama panya anayesikiliza. Zilikuwa nyingi.

Alinieleza yanayomkabili. Mabonde mengine manne ya Kusini yamekwisha kuchunguzwa na wenzake, na yote yanaafikiana na modeli. Linalopishana ni la kwake tu. Msimamizi wake amemwambia wazi kwamba tope lisilochimbwa haliwezi kuwa na paini, basi paini imeingia chumba cha vipimo, kwa vyombo visivyosafishwa. Kamati itakaa tarehe 13 Desemba. Wakiamua kwamba ni uzembe, nafasi yake ya masomo atapewa mwingine, na jina la mzembe halifutiki katika kazi kama hiyo.

“Na wao wanajuaje kwamba tope halikuchimbwa?” niliuliza.

Akanitazama kwa mshangao. “Si barua yako, babu? Nimeiambatanisha.”

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Nilisafisha kaburi la Walburga, mke wangu, nikaweka maua. Nilipokuwa natoka nilimwona Brigita peke yake nje ya uzio wa zamani, akipalilia kaburi la mama yake, Imaculata. Sikupita upande ule.

Hapa sina budi kuandika ambalo sijamwambia Nasma. Wanawake wa zamani walikuwa wakichimba udongo wa kufinyangia katika bonde lile. Nilijua nikiwa mtoto, nilijua nikiwa mwalimu, na nilijua mwezi Julai nilipotia sahihi. Mwaka 1971 nilikuwa katibu wa halmashauri ya parokia, kijana wa miaka ishirini na minane aliyeamini kila alichosoma. Baadhi ya vyungu vilitumika katika matambiko ya mahoka, mizimu ya wazee wetu. Niliandika orodha ya wafinyanzi, ikasomwa kanisani, na waliokuwamo wakazuiwa sakramenti. Imaculata alikuwa wa kwanza katika orodha. Mwaka uliofuata alikufa, akazikwa nje ya uzio bila sala. Padre aliyekuja baadaye aliiondoa marufuku, lakini marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa.

Walburga alikuwa mchumba wangu siku hizo, naye alifinyanga. Nilimtaka aache kabla ya ndoa. Akaniahidi.

Kumwambia Nasma habari ya udongo ni kumwambia habari ya orodha. Nilijifariji kwamba mashimo yale yalikuwa mafupi, na kwamba yote yalikwisha mwaka 1971, kabla paini zilizopandwa shuleni, jirani na kwangu, hazijakomaa. Kwa hiyo paini hizo hazinihusu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Jumanne, 5 Novemba

Joto kali. Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 11 Novemba

Nasma alikuja tena. Amerudia kuhesabu vioo sitini, na vyombo vyote amevichemsha. Paini ziko pale pale. Alikaa kwenye kiti cha Walburga, akasema bila kuniangalia:

“Babu, sikushuku. Ila kama kuna lolote, hata dogo, hata la zamani, sasa hivi bonde ni kavu. Naweza kuchimba mahali pengine kabla ya mvua. Mvua zikishika, basi tena mpaka Julai.”

Nilimjibu: “Mwanangu, niwie radhi, sina la kuongeza.”

Alisema hewala. Alipofika getini aligeuka akanikumbusha ninywe dawa ya presha, kwa kuwa aliona pakiti haijafunguliwa. Laiti asingenikumbusha.

Alhamisi, 14 Novemba

Mawingu upande wa Matogoro. Hayakushuka.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua ya kwanza, kubwa. Nyuma ya jiko pamejaa maji tena, kama kila mwaka, kwa sababu pale ardhi imebonyea. Nilimlalamikia Hilda kwamba sijui fundi gani aliyeusawazisha ua huu.

Hilda alikuwa anatoa maji kwa ndoo. Akacheka. “Fundi? Baba, si hapo mama alipokuwa anachota udongo wake?”

“Udongo wa nini?”

Akaacha kucheka. Akasema labda anakosea, alikuwa mdogo, ila alikumbuka vikapu. “Alikuwa anapeleka kwa Mama Brigita. Mimi nilidhani unajua.”

“Ulikuwa darasa la ngapi?”

Alifikiri kidogo. “La sita. La saba.”

Hilda alizaliwa mwaka 1979.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua. Watu wameanza kupanda mahindi. Ningekwenda Ruhuwiko kwa Brigita, lakini barabara ni tope.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua ilipumzika siku mbili na barabara ikakauka. Sikwenda. Nasma alipiga simu kuuliza kama bonde limejaa. Nilimwambia linaanza kujaa. Akasema, “Inshallah halitajaa upesi.”

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwenda Ruhuwiko.

Brigita alikuwa barazani kwa mwanawe akichambua mbegu za mahindi kwenye ungo. Ana miaka sabini na saba, na macho yake bado yanaona punje iliyotobolewa. Hakusimama.

“Karibu, Mwalimu. Umekuja kuandika jina la nani leo?”

Nilimwambia nimekuja kuuliza.

“Kuuliza? Basi umezeeka kweli. Kaa.”

Nilimweleza habari za Nasma tangu mwanzo: tope, chavua, kompyuta inayootesha msitu, paini zilizokutwa chini, na kamati. Alisikiliza huku vidole vikifanya kazi. Nilipofika kwenye paini alitabasamu.

“Huyo binti amechimba palepale petu. Nani alimwonyesha?”

“Mimi.”

“Ulimpeleka kwa sababu gani?”

Ilikuwa sehemu ya tambarare, isiyo na miti, rahisi kufika. Nilipomwambia hivyo akasema ndiyo, ilikuwa rahisi kufika kwa sababu wao ndio walioifanya iwe rahisi kufika.

Kisha akanieleza desturi yao, ambayo mimi, niliyeipiga marufuku, sikupata kuijua. Udongo wa kufinyangia hauchukuliwi bure. Kila mwanamke alikwenda na kikapu cha udongo wa nyuma ya jiko lake, penye majivu, maganda na mabua ya mahindi. Wakishautoa udongo mzuri wa chini, waliumwaga ule wa nyumbani hadi sakafuni mwa shimo, wakafunika kwa tope walilolitoa juu, na nyasi wakazirudisha jinsi zilivyokuwa.

“Ukipita kesho yake huoni kitu,” alisema. “Nawe ulipita mara nyingi, na fimbo yako.”

“Shimo lilifika wapi?”

Aliinuka kwa shida akaweka kiganja kifuani. “Hapa. Udongo mzuri uko chini, Mwalimu. Juu ni wa kuchezea watoto.”

Ndipo nilipoelewa. Nyuma ya jiko langu, paini za shule hudondosha unga wa manjano kila mwaka, hata kwenye vyombo vilivyoanikwa. Chembe zile zenye masikio nilizoziona Lizaboni zilitoka uani kwangu. Walburga alizibeba kwa kikapu.

“Aliendelea mpaka lini?”

“Mpaka magoti yalipokataa. Wewe ulikuwa umeshastaafu. Kabla ya hapo tulikwenda Jumanne na Alhamisi, siku zako za masomo ya mchana.”

Nilisema kwamba sikupata kuona chungu chake hata kimoja.

“Uliona. Ule mtungi wa maji wa sebuleni, uliowasifia wageni kwamba maji yake hayana mfano, ulidhani umetoka wapi?”

“Aliniambia ameununua.”

“Aliununua kwangu. Na mimi nilikuwa nimeununua kwake. Hakuna aliyesema uongo.” Akacheka mpaka akakohoa, na kwa kweli hata mimi nilicheka, kisha nikaona aibu.

Nilitaka kuzungumza habari ya mama yake. Nilianza: “Kuhusu marehemu Imaculata…” Akainua mkono.

“La mama yangu usilitie kikapu kimoja na la huyo binti. Utalileta siku yake. Leo sema unataka nini.”

Nilimuuliza kama kuna mahali bondeni ambapo hawakuchimba kamwe. Alijibu papo hapo. Kwenye jicho la maji, pale chemchemi inapotokea, ni mwiko kuweka hata kijiti tangu enzi za bibi zao.

“Lakini sasa hivi pana maji, Mwalimu. Mwezi uliopita mngefika kwa viatu.”

Jumapili, 1 Desemba

Sikuweza kufuata mahubiri. Miaka arobaini na minane ya ndoa. Nilikuwa nimempa mke wangu amri, na tangu siku hiyo niliamini kwamba kilichoota nyumbani mwangu ni kile nilichoamrisha. Sikwenda kukagua. Sikuona haja.

Sina hasira naye. Nimejaribu kuwa nayo, ikakataa. Ninachosikitikia ni kwamba alikuwa na kazi aliyoipenda hivyo, na hakuna jioni hata moja aliyoweza kunisimulia.

Jumatatu, 2 Desemba

Nilimwita Nasma, nikamweleza udongo, vikapu na unga wa paini. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

“Babu, wallahi? Kwa hiyo vyombo vyangu ni safi.”

“Vyombo vyako ni safi, mwanangu.”

Machozi yalimtoka akayafuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akauliza, taratibu, lini nilipata habari hizi. Nilimjibu: “Juzi, kwa Brigita.” Habari za Walburga nilizipata siku hizi kweli. Za wengine sikuzigusa, na yeye, kwa furaha, hakuuliza zaidi.

Alhamisi, 5 Desemba

Tumeingia bondeni wanne: Nasma, Brigita, Hilda na mimi. Maji yalifika mapajani. Brigita alitangulia akipapasa kwa fimbo, kanga ameikunja juu ya magoti, akitutania kwamba Mwalimu amezoea kusimama ukingoni na leo atajua baridi ya huku chini.

Alipofika alisimama, akainama, akanawa mikono. “Hapa,” alisema. “Mnisamehe.” Hakuwa akizungumza nasi.

Nasma na Hilda walishindilia bomba. Lilishuka sentimita themanini, kisha maji yakawa yanaingia kwa chini na kila walipolivuta tope lilikatika na kumwagika. Walijaribu mara tano. Midomo ya Nasma ilikuwa imegeuka rangi. Mara ya sita Brigita akamshika mkono.

“Basi mwanangu. Limekataa. Njoo Julai, utalipata lote.”

“Julai sitakuwepo, bibi.”

Sentimita themanini hazifiki miaka elfu. Hata hivyo alizikumbatia njia nzima hadi nyumbani, amezifunga kwa nailoni kama mtoto mchanga.

Jumapili, 8 Desemba

Nasma aliniomba barua mpya kwa kamati. Nilikaa mezani tangu kutoka Misa hadi jua kutua. Nimeandika rasimu nne. Katika ya kwanza niliandika orodha, na mwaka, na kwamba nilijua. Niliisoma. Ilikuwa na maneno ambayo wajukuu wangu wangeweza kuyasoma siku moja. Katika ya nne imebaki hivi: kwamba wanawake walichimba mahali pale kwa miaka mingi, kwamba mimi sikuwa na habari hiyo nilipotoa uthibitisho, na kwamba naiomba kamati radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Ni barua nzuri, yenye adabu. Hilda ameipiga picha akaituma kwa simu.

Jumatatu, 9 Desemba

Siku ya Uhuru. Mvua.

Ijumaa, 13 Desemba

Kamati imekaa. Hatujasikia.

Jumanne, 17 Desemba

Nasma amelihesabu tope lile fupi hadi mwisho. Katika sentimita themanini zote hakuna paini ila mbili za juu kabisa, zinapostahili kuwepo, na miti ya miombo na mikusu imeongezeka kadiri anavyoshuka, karibu sawasawa na modeli. Kuna mahali pamoja tope na modeli vinapishana: modeli imeweka miti mingi mno ukingoni mwa maji, ambapo tope linaonyesha nyasi. Alifurahia hilo kuliko yote. Alisema tofauti kama hiyo, ikitoka kwenye tope safi, ndiyo inayowafundisha walioitengeneza modeli.

Kamati bado kimya.

Alhamisi, 19 Desemba

Uamuzi umefika. Nasma alinisomea kwenye simu, sauti yake imenyooka kama ya mtangazaji.

Kamati imekubali kwamba vyombo vilikuwa safi. Lakini imeeleza hivi: kama shahidi angekuwa amelijua jambo akalificha, mtafiti asingekuwa na kosa. Kwa kuwa shahidi, kwa maelezo yake mwenyewe, hakujua, basi mtafiti alimwamini mtu asiye na habari, na hakuwauliza wengine, hasa wanawake, ambao walikuwepo na wanajulikana. Huo ni uzembe wa kazi ya nyanjani. Nafasi atapewa mwingine kuanzia Januari.

“Ni kweli, babu,” alisema. “Nilipaswa kuwauliza kina mama.”

Nilimwambia nasikitika sana. Akasema, “Najua.”

Sasa ni usiku na sijala. Ile “sikuwa na habari” niliiandika ili nisionekane mwongo. Ndiyo iliyompokonya nafasi.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Nilikwenda kanisani. Sikupokea komunyo.

Jumapili, 29 Desemba

Nilikwenda Ruhuwiko kwa ajili ya lile la mama yake tu. Nililisema lote, bila kujitetea, jina la Imaculata nikalitaja kila mara. Brigita alinisikiliza. Akasema amesikia. Hakusema zaidi, nami sikustahili zaidi.

Aliniuliza binti amefikia wapi. Nilimweleza barua yangu na uamuzi wa kamati. Akaweka ungo chini.

“Uliandika kwamba hukujua?”

Nikakiri kwamba ndivyo.

“Mwalimu, ulikuja bondeni wewe mwenyewe. Ulisimama ukingoni na daftari. Ukatuuliza majina mmoja mmoja, na sisi tulikuwa bado tumo shimoni, tope hapa.” Akaweka kiganja kifuani, kama siku ile. “Mama yangu alikutajia la kwake taratibu, ulipate vizuri. Alidhani unaandika watu wa kupewa chumvi.”

Nilikuwa nimelisahau hilo. Nasema kweli. Nilikumbuka orodha, nikasahau kwamba niliiandikia pale.

Jumatatu, 30 Desemba

Nimeandika rasimu ya tano. Ina mistari sita. “Nilijua tangu utoto wangu kwamba mahali pale huchimbwa. Mwaka 1971 niliwakuta wanawake wakichimba hapo, nikaandika majina yao. Mwezi Julai mtafiti aliniuliza, nami nikamficha kwa makusudi. Mwezi Novemba aliniuliza tena, nikamficha tena. Barua yangu ya tarehe 8 Desemba si ya kweli. Kosa si la mtafiti.” Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuanza barua kwa salamu.

Jumatano, 1 Januari

Hilda ameituma. Ofisi zimefungwa hadi wiki ijayo. Mvua.

Jumanne, 7 Januari

Wamemjibu Hilda kwa mistari miwili. Barua imepokelewa na itawekwa kwenye jalada. Nafasi ilijazwa tarehe 2.

Ijumaa, 10 Januari

Nasma alikuja kuchukua bomba lake. Amepata kazi ya kufundisha kwa mkataba katika shule ya sekondari huko Tunduru, na alikuwa na haraka kwa kuwa gari lilimsubiri barabarani. Alikuwa amepitia kwa Brigita kuaga, akapewa chungu kidogo, amekifunga kwa kanga. Brigita amemwahidi kumngoja Julai kwenye jicho la maji, iwe ana nafasi ya masomo au hana, na Nasma amesema atakuja kwa likizo yake.

Nilikuwa na nakala ya barua ya mistari sita. Nilimpa. Aliisoma amesimama, bomba limeegemea begani. Aliisoma mara mbili.

“Babu, ile Julai nilipokuuliza pale bondeni, ulijua?”

“Nilijua.”

“Na Novemba? Nilipokaa kwenye kile kiti?”

“Nilijua, mwanangu.”

Aliikunja karatasi mara nne akaitia kwenye mkoba. Nilianza kumwambia jinsi ninavyojuta, kwamba mzee wa umri wangu angepaswa, kwamba kama angeweza kunisamehe. Alinisubiri nimalize, kwa adabu aliyolelewa nayo.

“Umeniomba radhi mara nyingi tangu Oktoba,” alisema. “Mimi sikuwa nahitaji radhi, babu. Nilikuwa nahitaji jibu.”

Dereva alipiga honi. Nami nikamwomba radhi tena.